Maziwa ya Jioni Hayaulizwi

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nakuandikia Jumamosi asubuhi, hapa Lemara, kwenye meza ya jikoni. Wajukuu zako wako nje wanasugua viatu vya shule, na Mathayo ameenda kusimamia mtihani. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako tangu tukuzike kihambani, kwenye shamba letu la migomba, na naona aibu kidogo kwamba naiandika kwa sababu ya hela. Ungecheka. Ulikuwa unasema mimi ndiye mtoto wako pekee anayekuamkia huku ameshakunjua kiganja.

Najua wengine wataisoma, kwa hiyo niwaeleze wasiotoka Meru. Nyumbani kwetu Akheri ng'ombe mmoja alikuwa na wenyewe wawili. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yako. Yalipelekwa kituo cha kukusanya maziwa, yakaandikwa kwa jina lako, na mwisho wa mwezi ukaenda kupokea. Maziwa ya jioni yalikuwa ya mama. Aliyauza kwa majirani kikombe kwa kikombe, na hela yake haikuulizwa, kama vile kahawa ilivyokuwa yako na ndizi zikawa zake.

Msambazaji nilikuwa mimi, na kidumu changu cha lita tano. Unakumbuka? Ukisikia tu ndoo ya jioni imegonga mlango wa banda, unachukua panga unaenda kukata majani ya migomba, hata kama majani yamejaa bandani. Siku moja nilikuuliza mbona huwa unamkimbia mama wakati wa kukamua. Ukanijibu, "Ya jioni siulizi wala siangalii," kwa sauti ya mtu anayesoma amri kumi. Na kweli, mwanaume aliyechungulia ndoo ya jioni alichekwa kijiji kizima, awe mzee wa kanisa au asiwe.

Halafu ukaja mwaka ambao kahawa iliharibika, na mimi nimechaguliwa kidato cha kwanza. Mama aliingia chumbani, akatoka na fungu lililofungwa kwenye pindo la kanga, akaliweka mezani mbele yako. Hukushangaa. Hukuuliza limetoka wapi. Ulivaa koti ukaenda kulipa ada. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikajiambia kwamba mke mwenye akili ndiye huyu, na nikikua nitakuwa hivyo hivyo.

Mathayo ulimpenda, ingawa alikuja kutoka Singida na mpaka leo mtori wetu wa ndizi anauita uji wa wagonjwa. Ni mwalimu wa historia. Anajua vita vyote vilipiganwa lini, ila bei ya mtungi wa gesi haijui. Tulipooana alinikabidhi mshahara wake mzima, akasema, "Mama Neema, wewe panga." Nikapanga. Nilijumlisha na wa kwangu wa zahanati, nikatoa kodi, umeme, maji, ada, gari la shule, gesi, unga na mchele, bahasha ya ahadi kanisani, ya mama yangu, ya mama yake, na michango ya harusi ambayo katika mji huu haina likizo. Mwezi mwingine ilibaki elfu sabini, mwingine tisini, Januari haikubaki kitu.

Mathayo aliuliza jambo moja tu kila mwisho wa mwezi: "Tumefika?" Nami nilimjibu, "Tumefika." Haikuwa uongo. Hakuuliza imebaki ngapi, na mimi nikaona amenyamaza kama ulivyokuwa ukinyamaza wewe. Kilichobaki nikakihamishia kwenye laini yangu ya pili. Moyoni nikakiita ya jioni. Sikununua hata kitenge, baba. Nilikuwa nakiwinda kiwanja Ngaramtoni, na kwa miaka minne nilijiona mwanamke hodari sana.

Mwaka jana miwani ya Mathayo ilivunjika mkono. Akaufunga kwa uzi mweusi. Baadaye hata vioo vyenyewe vikawa havimtoshi, akawa anasahihisha madaftari ameyasogeza dirishani, karibu kuyanusa. Alisema atatengeneza mwezi ujao. Aliusema mwezi ujao kwa miezi saba, na kila mara nilimwitikia, "Mungu akijalia," huku simu yenye hela iko mfukoni mwangu. Hapo ndipo panaponichoma. Mungu alikuwa ameshajalia, mimi ndiye niliyekaa mlangoni.

Hela ilipofika milioni tatu nikapika pilau. Nikamwekea simu mezani, kama mama alivyokuwekea lile fungu. Nilisubiri furaha, nikiri hivyo. Mathayo aliiinua simu mpaka karibu na pua, akasoma, akavua miwani akailaza kando ya sahani.

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Na mimi nikawa naomba mwezi ujao."

Hakupiga kelele. Kelele ningeziweza, mimi ni binti yako. Siku ya mshahara aliniambia kwa upole kabisa kwamba sasa wa kwake ataushika mwenyewe. Tukaishi miezi miwili kama wapangaji wanaotumia jiko moja. Yeye akanunua unga, mimi mchele. Watoto walikula vyote bila kuuliza, ila Neema alianza kuongea kwa kunong'ona, na mimi nikaanza kuogopa kwamba siku moja nitarudi kutoka kazini nikute begi la Mathayo halipo.

Nikapanda Akheri kwa mama. Nilikwenda nikitaka anitetee. Alikuwa anamenya ndizi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani hukumwambia mumeo?"

"Kwani wewe ulikuwa unamwambia baba?"

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Baba yako? Baba yako alijua mpaka kikombe! Kila Jumapili kabla ya kanisa tunafunga mlango, namwambia zimefika hapa. Akiwa na shida anasema, natoa. Lile jino alilong'oa Tengeru, unafikiri lililipiwa na hela ya asubuhi?"

"Sasa mbona alikuwa anaondoka?"

"Aonekane ameondoka. Ndugu zake wote walijua ya asubuhi ni shilingi ngapi, wakawa wanakuja kukopa. Wakigusa ya jioni anawaambia, hiyo siiulizi, ni ya mke wangu. Wanarudi walikotoka. Ningepataje ada yako bila hivyo?"

Nilikaa pale na maganda ya ndizi miguuni. Kwa hiyo majani yote yale uliyoyakata, baba, yalikuwa ya macho ya watu, na mtu uliyempumbaza kuliko wote ni mtoto wako mwenyewe. Nikuambie ukweli, nilikukasirikia. Kwenye sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, uliniusia muda mrefu mpaka mshereheshaji akaanza kukohoa. Ukanieleza jinsi ya kuwaheshimu wakwe, kutolala na hasira, kutomnyima mgeni chai. Kuhusu mlango unaofungwa Jumapili hukusema neno. Labda uliona ni jambo ambalo kila mtu analijua. Kaburini pako siku ile sikwenda, nilipita njia ya nyuma. Naomba unisamehe, hasira imeshapoa.

Nilimweleza Mathayo maneno ya mama, nikitumaini atacheka. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Baba yako alikuwa na akili. Majirani walikuwa nje, yeye alikuwa ndani. Wewe mimi ulinifanya jirani."

Nimelibeba neno hilo wiki nzima.

Jana, mishahara ilipoingia, nilimwomba tukae. Watoto niliwatuma dukani. Nilimsomea kila kitu, mstari kwa mstari, hata mia tano za vocha. Nikamwambia imebaki elfu themanini na moja, na zile milioni tatu ziko pale pale, na namba ya siri ni hii. Nikasema tuanze na miwani, kiwanja kitasubiri.

Nilijua anatafuta maneno ya kuniambia kwamba amechelewa kuambiwa. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Viatu vyako vya kazini vimeisha visigino. Nimeviona tangu Pasaka. Nilikuwa nikitoka mapema asubuhi nisikuone unavivaa, kwa sababu nilidhani hatuna hela."

Baba, mimi hata sikuwa nimeviona.

Pumzika. Mama hajambo, ng'ombe amezaa, na kahawa mwaka huu imechanua vizuri. Nikipanda tena Akheri nitapita njia ya mbele, nikae nawe kidogo.

Mimi binti yako wa pili,
Mama Neema