Sauti Tatu kwa Mara Moja

3 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini umeamka salama, wewe na goti lako. Mimi mzima, ila nimejitia kitanzi. Mpiga piano wa hoteli ameacha kazi. Meneja akatuuliza sisi wahudumu wa meza nani anajua kupiga, na mkono wangu ukanyanyuka kabla akili haijafika. Nitajaribiwa tarehe kumi na tano Aprili. Nikipita, nabwaga trei moja kwa moja. Baba, umepigia kwaya miaka thelathini. Niokoe.

Kitindamimba wako

9 Machi

Marahaba mwanangu,

Goti linakusalimu. Nimepigwa na butwaa! Wewe uliyekuwa ukijificha uvunguni nikifungua piano?

Haya. Mkono wa kushoto: bonyeza kitufe cheupe kimoja, ruka kimoja, bonyeza, ruka, bonyeza. Hizo ni sauti tatu kwa mara moja. Anzia cheupe chochote, mkono usibadili umbo. Mkono wa kulia utembee juu ya zile zile tatu, halafu uzurure kidogo kwa majirani. Ukikosea, rudia kosa lile lile. Watadhani umekusudia.

Baba yako

30 Machi

Shikamoo Baba,

Hali yako? Mimi sijambo, na mbinu zimekubali! Jana mgeni aliacha kula akanisikiliza, nikashtuka mwenyewe. Lakini fungu la sauti tatu linaloanzia noti ya Si linakwaruza kama kiti kinachoburutwa. Nimekurekodia, nimetuma kwenye simu ya Mama Mdogo. Nisikilizie. Nilitumie au nilitupe?

Kitindamimba wako

6 Aprili

Marahaba mwanangu,

Huku wazima. Mama Mdogo kaniletea simu, nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho. Tamu! Machozi yamenilenga. Hilo la Si liko sawa, ni woga wako tu. Lipige kwa nguvu.

Baba yako

16 Aprili

Shikamoo Baba,

Leo hata salamu ni nzito. Nimeanguka. Nililipiga la Si kwa nguvu, kisha nikalirudia. Mtahini akaweka kalamu chini: "Binti, kwani husikii?" Kesho narudi kwenye trei.

Nilipofika chumbani nikafungua simu, nisikie ulichokisifu. Baba, nilikosea kuchagua. Nilikutumia dakika nne za kelele za mashine ya kuoshea sahani. Ulisikia nini? Niambie ukweli.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Barua hii nimeichana mara tano. Sikusikia kitu. Sikio la kushoto liliondoka mwaka juzi, la kulia likafuata. Kwaya nilikuwa naifuata kwa kutazama midomo. Mama Mdogo nisipomwitikia hudhani ni ukaidi wa uzee.

Uliponiuliza, niliona aibu kusema sisikii, nikasifu yote, hata la Si. Umeniuliza swali moja la maana, nami nikakudanganya, ukaikosa kazi ya piano. Nisamehe. Jumapili nimewaambia kwaya. Wamenyamaza, nadhani.

Fungu la Si linakwaruza kweli, tangu piano iumbwe. Huwa siwaonyi wanafunzi, sikio la mtu humwonya lenyewe. Lako lilikuonya, mimi nikalinyamazisha.

Wakikuita tena, usiniandikie kuniuliza. Piano ya nyumba hii imebakiwa na masikio mawili tu, na yote ni yako.

Baba yako