Tumeruhusiwa Wimbo Mmoja

Kadutu, Bukavu,
Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu Hugues,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe pamoja na wifi yangu Mélanie. Goti lako linaendeleaje? Baridi ya huko Liège inakaribia, na nakujua, hutavaa kitu cha kulikinga mpaka uanze kuchechemea. Vaa, tafadhali. Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Binti yangu Fabiola alishikwa na malaria wiki iliyopita, lakini tangu juzi anakula na kugombana na kila mtu, kwa hiyo najua amepona. Mimi ni presha tu. Inapanda, inashuka, kama watu wa Kadutu na njia zao.

Barua yako ya mwezi wa saba ilinifikia. Usinicheke kwamba nakujibu kwa kalamu, mimi niliyekuwa nakutumia sauti za dakika kumi kwenye simu. Simu zetu sasa zinafunguliwa njiani na kusomwa na watu tusiowajua, na nimefuta kila kitu, hata picha za ubatizo. Maman Pascaline atavuka mpaka na barua hii pale Ruzizi ndani ya kitabu chake cha sala, aitie posta Kamembe. Ameniahidi hataisoma. Ataisoma, namjua, lakini ni mtu wa kunyamaza.

Kuhusu mwanangu Dany, mpwa wako, sina jipya. Ni wiki kumi na moja sasa. Yale niliyokuambia mwezi wa sita ndiyo hayo hayo: alikwenda Mudaka kwa moto, ile pikipiki yake, kutengeneza vipaza sauti vya kanisa, akavitengeneza, wakampa chakula, akaondoka saa nane mchana. Hapo ndipo habari inakatika. Moto yenyewe haijaonekana, wala yeye. Nimeuliza kila mahali mtu anapoweza kuuliza bila kuulizwa yeye. Naogopa, kaka. Naogopa asubuhi nikiamka, na naogopa mtu akibisha mlango, na naogopa zaidi siku ambayo hakuna anayebisha.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi hii Grégoire wangu anatimiza mwaka mmoja kaburini, na mimi navua nyeusi. Chef wa avenue yetu, mkuu wa mtaa Papa Destin, ametuandikia ruhusa: sala ndiyo, chakula ndiyo, watu waondoke kabla ya saa tisa, na vyombo vya muziki vipige wimbo mmoja tu. Mmoja! Maneno yake yaandikwe kwenye karatasi ayaone kwanza. Sikumkasirikia. Aliponipa karatasi ya ruhusa alikuwa anaangalia njia, si mimi.

Unajua desturi mliyoianzisha ninyi wenyewe: mtu wa Mabati, kikundi chenu cha muziki, akifa, siku ya kuvua nyeusi ni mjane anayechagua wimbo, na wengine wanafunga midomo. Midomo gani imefungwa? Miaka arobaini na minne ya Mabati, nyimbo zaidi ya sitini, na kila mtu wa Kadutu anajua upi ndio Mabati wenyewe. Gentil na besi yake anataka “Betri”, ule wa kwanza kabisa, mlioupiga chini ya mabati ya karakana ya papa wakati wa mvua mpaka mkalazimika kupiga kwa nguvu vile, na hapo roki ikazaliwa kwa sababu hamkusikiana. Anasema kikundi ni pale kilipoanzia. Fabiola anataka “Mteremko”, kwa ajili ya zile dakika nne za gitaa la solo za baba yake. Jirani yangu Rosette, yule muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hakuulizwa lakini alijibu: pigeni ile ya polepole, watu wapate kulia na kula kwa wakati mmoja.

Na wote, wakimaliza kubishana, wanainamisha macho, kwa sababu kuna mmoja ambao hakuna aliyethubutu kuutaja mbele yangu.

Nakumbuka vizuri Grégoire alivyoutunga “Nani Hayuko”. Alikuwa na miaka miwili tu ya ualimu, amechoshwa na wanafunzi wanaotoroka kwenda kuogelea ziwani, akaja nyumbani anaimba huku anachanja kuni: *Mwalimu ameshika daftari, chaki iko mezani, anaita jina moja moja, nani hayuko darasani?* Wewe ndiye uliyeweka kimya pale katikati. Midundo minane vyombo vyote vinanyamaza, na watu wanataja majina ya watoro kwa kicheko. Ulikuwa mchezo tu. Vijana walitajana wao kwa wao, wengine walikutaja wewe kwa sababu ulikuwa unachelewa mazoezi.

Halafu vita vya kwanza vikapita. Tulipopiga tena, ulikuwapo, kile kimya kilipofika hakuna aliyecheka. Mama mmoja kule nyuma akataja jina la mume wake. Hakuna aliyepanga. Tangu hapo ndivyo ulivyo. Maneno ni yale yale ya shule, hata herufi moja haijabadilika, ila sasa anayetajwa pale ni mtu ambaye watu wake wenyewe wamekubali kwamba harudi. Ndiyo maana wengine wameusubiri miaka mitano, wakaja wakasimama, wakashindwa, wakaondoka na jina lao mdomoni.

Na wewe umeniandikia kwamba Novemba, wewe na wale wazee wenzako mtaupiga huko Liège, na kwamba utawataja Grégoire na Dany. Nilisoma hapo nikaikunja barua. Mpaka leo sijajua nikujibu nini.

Kwa hiyo nimechagua. Nimechagua “Mvua ya Saa Kumi”, ule wa polepole, wa harusi. Ni wimbo mzuri. Hauna kimya popote. Fabiola ameandika maneno yake kwa mwandiko wake wa shule na Gentil atampelekea chef kesho. Nikimwambia Fabiola ni kwa sababu ya usalama, ananitazama tu. Na kweli ni usalama: watu mia wakitaja majina kwa sauti katika siku hizi, na njia inapita juu kidogo ya paa letu, nani atasikia? Lakini kwako siwezi kusema uongo. Naogopa bunduki, ndiyo. Naogopa zaidi kile kimya. Nikikaa pale, sijui mdomo wangu utafanya nini.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Kaka, barua haijaondoka. Maman Pascaline alishikwa na jino, shavu likavimba, hakuvuka. Nilitaka kuichana nianze upya, lakini karatasi ni hizi hizi, na ni vizuri uone nilivyokuwa Alhamisi. Naendelea.

Ijumaa asubuhi, kabla Gentil hajapeleka karatasi, alikuja Laurette. Humfahamu, ni jirani wa nyumba ya tatu kushuka, mshonaji, mtu mpole sana. Mume wake Isidore hajarudi tangu Februari. Yule tunajua, wawili waliokuwa naye walirudi na kusema walichoona, ila mwili haukupatikana. Alikaa kwenye kigoda changu jikoni, akanisaidia kuchambua maharage bila kuombwa. Kisha akasema, bila kuniangalia:

“Maman Adélaïde, mutapiga ile ya appel, ile ya kuita majina?”

Nikamwambia hapana, tunapiga ile ya polepole. Akaendelea na maharage. Baadaye akasema:

“Bwana yangu hana kaburi. Mutoto ananiuliza papa iko wapi, miye sina fasi ya kumuonyesha. Nilisema Jumamosi nitamuita mara moja tu, mbele ya batu, halafu nitakuwa nayo hiyo fasi.”

Hakulia. Alimaliza maharage, akanishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyemsaidia, akaondoka. Nilikaa pale na aibu yangu. Nilikuwa nimemfungia mlango mwanamke yule kwa sababu ya hofu ya mdomo wangu mwenyewe, na nilikuwa nauita usalama. Nikamwita Fabiola, nikamwambia achukue karatasi nyingine.

Gentil ndiye aliyekwenda kwa chef, na alinisimulia baadaye huku jasho bado linamtoka. Papa Destin alisoma maneno yote, mwalimu, daftari, chaki, akafika pale katikati ambapo Fabiola, mtoto wa kweli wa baba yake, ameacha mistari miwili mitupu. Akaweka kidole.

“Na hapa iko nafasi ya nini?”

“Ya kupumua, chef.”

Papa Destin amecheza kwenye nyimbo za Mabati tangu akiwa na nywele. Alisoma tena mstari wa juu na wa chini. Kisha akatia sahihi, akasema, “Mupumue haraka.”

Jumamosi watu walijaa kuliko nilivyotarajia, wengine kutoka Kasha kwa miguu. Abbé, padri wetu, alisali. Wifi zangu walinivua nyeusi kule chumbani wakanivika kitenge cha njano ambacho sikukichagua na ambacho kinanifanya nionekane kama keki. Grégoire angecheka mpaka akae chini. Nilitoka nje, watu wakapiga vigelegele, nikawaona Gentil na besi, Lydie kwenye ngoma zako, yule binti mwenye mikono ya chuma niliyekuambia habari zake, na Fabiola ameshika gitaa la baba yake. Gitaa la Dany waliliweka kwenye kiti chake, limeegemezwa, bila mtu. Sikuwaambia wafanye hivyo. Nikakaa.

Wakaanza. Kaka, nimeusikia wimbo ule mara elfu, na sijawahi kabla ya siku ile kutamani ukosee njia, jenereta izimike, mvua inyeshe. Niliangalia mbingu. Hakuna wingu. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, Fabiola akauliza *nani hayuko*, na Lydie akasimamisha kila kitu.

Nilisikia sufuria zinachemka jikoni. Kule juu njiani wanaume wawili walikuwa wamesimama, nguo zao siwezi kukuandikia, wanatutazama.

Laurette akasimama. “Isidore!” Sauti nyembamba, imekwaruza, lakini ilifika kila mahali. Baada ya hapo ikawa mvua. Gentil alimwita Grégoire. Rosette, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatuchekesha na masufuria, alitaja jina la dada ambaye sikujua kwamba alikuwa naye. Papa Destin alikuwa langoni, amepewa kazi ya kuangalia nje. Aligeuka akatuangalia sisi, akasema “Séraphine”, polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Na mimi nilikuwa nimekaa na mikono miwili mdomoni. Ndiyo, miwili, mbele ya watu wote. Kila jina lilipotoka, nilingoja lile linalofuata liwe lake. Watu wale wote wanamjua Dany. Nusu ya watoto waliokuwa pale amewafundisha kushika gitaa. Walikuwa wanaliangalia lile gitaa kwenye kiti. Ilitosha mtu mmoja tu alitaje jina lake, kwa huruma, kwa kufikiri ananisaidia, kwa sababu mama hawezi. Nilijua kwamba likitajwa sitakuwa na nguvu ya kulikataa.

Majina yakapungua. Yakabaki mawili, moja. Kisha kimya tena, na kimya hicho cha pili kilikuwa kirefu, kaka, hakikuwa midundo minane wala kumi na sita. Lydie alikuwa amenyanyua fimbo zake, ananiangalia mimi. Laurette alikuwa ananiangalia. Wote walikuwa wananiangalia.

Hakuna aliyemtaja.

Lydie akapiga. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, na mimi nikalia katika kitenge changu cha njano, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Saa tisa kasoro watu walikuwa wameshaondoka. Rosette alinioshea masufuria yote bila kusema kitu, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote.

Sikudanganyi kwamba hofu imekwisha. Mmoja wa wale wawili wa njiani alimsimamisha mtoto aliyekuwa anashuka akamuuliza wimbo ule unaitwaje. Mtoto akamwambia ni wa shule. Tangu Jumamosi kila moto inayopunguza mwendo karibu na nyumba yetu inanisimamisha moyo, na Gentil analala kwa shemeji yake. Nikisikia hatua naficha barua hii chini ya unga. Lakini ukiniuliza wimbo upi ndio Mabati, sasa sina ubishi. Waambie hao wazee wenzako.

Na sasa naweza kukujibu. Novemba pigeni. Mwite Grégoire, mwite kwa sauti yako yote, ana kaburi na msalaba na mimi napalilia. Waite wote unaowajua. Ukimaliza, ngoja kidogo, kama Lydie alivyongoja. Hapo ndipo mahali pa Dany. Usiseme kitu hapo, kaka yangu. Umwache hivyo hivyo alivyo.

Nisalimie wifi Mélanie, na watoto wenu wote, na mwambie mdogo kwamba picha yake ya komunyo iko ukutani. Fabiola anakusalimu, Gentil anakusalimu na anauliza kama bado unachelewa mazoezi. Mungu atulinde, ninyi huko na sisi huku, na yule ambaye hatujui yuko wapi amfunike kwa mkono wake usiku wa leo na wa kesho.

Ni mimi dada yako mdogo, mwoga lakini anayekupenda sana,

Adélaïde