Hapa Si Maktaba

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za baba, ingawa yeye hajui kwamba anakusalimia. Natumaini u mzima, unakula, unalala, na kile kikohozi chako cha msimu wa baridi kimekuacha. Sisi hatujambo. Baba miguu inamsumbua lakini ulimi uko pale pale, duka linakwenda, na paa la jikoni lilizibwa mwaka jana. Nakuuliza hali kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua, usije ukadhani nimetulia. Sijatulia hata kidogo. Barua hii nimeiandika mara tatu, na mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo hata wewe hujawahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Nianze na Jumatano ile. Unakumbuka Jumatano ilivyo hapa dukani. Msambazaji hushusha mafurushi ya matoleo mapya mlangoni saa mbili asubuhi, nakata kamba, nahesabu nakala, kwanza nawawekea wateja wa kudumu kwenye visanduku vyao vya ukutani, kisha zinazobaki nazipanga rafuni. Sisomi. Mwenye duka la katuni akianza kusoma asubuhi ya Jumatano, siku nzima imekwisha. Kwa hiyo lilipokuja toleo la kwanza la katuni mpya iitwayo Bi Msumari, iliyochorwa na mtu anayejiita Mtoro, mimi mwenyewe nililipanga rafuni kwa mikono yangu, mbele kabisa, tena nikawasifia watu jalada lake.

Wa kwanza kuanguka kicheko alikuwa fundi cherehani wa jirani, yule mwenye futi shingoni hata siku ya mapumziko. Alisoma ukurasa wa pili, akaniangalia, akarudi kwenye ukurasa, akaniangalia tena. Nilimuuliza kama nina masizi usoni. Akasema sina, akalipa, akatoka mbio kama mtu aliyebanwa na haja. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimetazamwa kuliko nilivyotazamwa maisha yangu yote, ndipo nikavunja mwiko nikaifungua.

Nikakuta mwanamke mwenye duka la katuni. Miwani yake imefungwa uzi mweusi sikioni. Penseli ameichomeka kwenye nywele, na anaitafuta duka zima. Analamba kidole kabla ya kuhesabu nakala. Maneno yake yanatoka kwenye viputo vyenye ncha kali, ndiyo maana wanamwita Bi Msumari, na nyuma yake ukutani kuna kibao kimeandikwa: HAPA SI MAKTABA. LIPA KISHA USOME.

Damu ilinichemka. Kile kibao, kwanza kabisa, aliandika baba, na wewe unajua hivyo kwa sababu ndiwe uliyemshikia kopo la rangi. Mimi nilikikuta ukutani nilipokabidhiwa kaunta. Na kwa miaka yote hii watu wanasoma wamesimama chini yake na hakuna aliyebanduliwa. Yule mwalimu wa hesabu amemaliza mfululizo mzima wa vitabu ishirini na sita akiwa ameegemea rafu yangu, na neno pekee nililowahi kumwambia ni asikunje jalada. Leo watu wanakuja kupiga picha na kibao. Wananiomba nisogee kidogo wasinipate kwenye picha, halafu wanabadili mawazo, wananiomba nirudi, tena ninune.

Usijisumbue kukana. Sikuhitaji mpelelezi. Katika kurasa zote ishirini na nne hakuna mtu mwenye mikono. Mmoja kaitia mfukoni, mwingine kaificha nyuma, Bi Msumari mwenyewe mikono yake iko chini ya kaunta tangu mwanzo hadi mwisho, na akilamba kidole, kinatokea kidole kimoja pembeni kana kwamba ni cha mpita njia. Tangu una miaka saba hujui kuchora mikono. Nilikukalisha pale pale kwenye kaunta nikakunyooshea mkono wangu uuchore, ukatoa kitu kama kipande cha tangawizi, tukacheka mpaka wateja wakatushangaa. Halafu unajiita Mtoro! Angalau kwenye jina hukusema uongo.

Mwezi wa nne msambazaji akaja na wazo la kufanya siku ya wasomaji hapa kwetu, kwa kuwa duka limeshajulikana. Meza mlangoni, toleo jipya siku moja kabla ya maduka mengine, na shindano la kuvaa kama Bi Msumari. Ningekataa, wangejua imeniuma, kwa hiyo nilikubali kwa tabasamu la kuazima. Walikuja akina Bi Msumari kumi na mmoja, wanne kati yao wana ndevu. Mimi nilikuwa napita katikati yao natafuta penseli yangu, na waamuzi, ambao ni wageni walioletwa na msambazaji, wakanishika mkono wakanipanga mstarini. Kabla sijapata neno nikatangazwa mshindi wa pili. Wa kwanza alikuwa dereva wa teksi. Mwamuzi mmoja alinieleza kwa upole kwamba mavazi yangu yamekamilika kabisa, ila sina ukali wa kutosha. Wakanipa kikombe chenye sura yangu. Nakitumia, maana chai haina kosa.

Baba naye usimsahau. Macho yamepungua, kwa hiyo kila Jumatano baada ya chakula cha mchana namsomea maneno, yeye anatazama picha kwa kioo cha kukuzia. Hii yako sikutaka kumsomea, lakini aliiagiza mwenyewe baada ya kusikia vicheko kutoka dukani. Alicheka mpaka ikabidi nimpige mgongoni. Akasema mwanamke huyu anamkumbusha mtu fulani, ila hampati vizuri. Sikumsaidia kumpata. Wala sikumwambia Mtoro ni nani, maana jina lako halijatajwa mezani kwetu kwa miaka minne, na sikujua lingepokewaje.

Hayo yote ni utani, mdogo wangu, nami nimelelewa kwenye utani. Miwani ni yangu, penseli ni yangu, kununa ninanuna. Kilichonifanya nishike kalamu ni toleo la kumi na mbili.

Unakijua ulichokiweka humo. Bi Msumari ana mdogo wake anayechora. Anayachukua madaftari yake tisa, anayapeleka uani, anayatia moto, anacheka. Mdogo mtu amesimama kwenye kona ya barabara anatazama moshi. Umeuchora moshi vizuri, nakupa haki yako. Lakini wiki hiyo yule fundi cherehani alitoa nakala kwenye kisanduku chake, akaisoma amesimama, na hakucheka. Akaniuliza kama hilo nalo ni kweli. Nikamjibu kwamba ni katuni tu. Akasema mbona yale mengine yote yalikuwa kweli, akaiacha nakala juu ya kaunta, akaondoka. Mtu huyo ana kisanduku hapa tangu siku baba alipovitundika ukutani. Jumatano iliyofuata hakuja, na nyingine hakuja. Mwalimu wa hesabu siku hizi analipa kwanza, kisha anatoka kwenda kusoma nje, hata kama mvua inanyesha. Hakuna anayenitukana. Wananiheshimu kama anavyoheshimiwa mbwa mkali.

Toleo hilo nilijaribu kumficha baba. Nikamwambia halikufika. Akasema ameliona mikononi mwa watu dirishani, nisimfanye mtoto. Basi nikamsomea. Tulipofika kwenye moshi aliniambia ninyamaze, akasogeza kioo chake, akapitia picha moja moja kama mtu anayetafuta sindano. Akauliza mzee yuko wapi. Nikamwambia katuni hii haina mzee. Akaweka kioo chini.

"Aliyeagiza moto simwoni humu," akasema. "Kijana amemficha."

Kisha akaniuliza kama nadhani huyo Mtoro anakula vizuri huko aliko. Nikamwambia sijui.

Sasa nisikilize, maana haya sijamwambia mtu. Ile siku baba aligundua kwamba kazi ya ukarani aliyokuombea kwa kupiga magoti ulikuwa umeiacha wiki tatu, na kila asubuhi ukituaga ulikuwa unakwenda kukaa stesheni kuchora abiria. Aliniamuru mimi niyachome madaftari, kwa sababu miguu yake tayari ilikuwa inamtesa. Akasimama mlango wa jikoni. Alisema anataka kuliona daftari jekundu likiingia motoni kwa macho yake, mengine nitayamalizia mwenyewe, kwani moshi unambana kifua. Nikatia moja jekundu. Likashika. Baba akaingia ndani. Moshi wote uliouona baada ya hapo ni wa magazeti ya mitindo ambayo msambazaji alikuwa amekataa kuyapokea yakirudi. Niliyachoma rundo zima ili kuwe na majivu ya kutosha.

Madaftari yako manane yapo. Yako chumba cha nyuma, rafu ya juu, ndani ya boksi lililoandikwa BALBU MBOVU, maana najua hakuna mtu wa nyumba hii atakayefungua boksi la balbu mbovu kwa hiari yake. Nilikusudia kukuambia jioni. Jioni hukurudi. Sikuwa na anwani yako, na huo ndio udhuru niliojipa mwaka wa kwanza. Ulipotuma kadi, uliandika jina la baba peke yake. Hapo nikapandwa na hasira ambayo haijashuka hadi leo. Umekulia mgongoni kwangu, nimekufuta kamasi, nimekufundisha kusoma kwa katuni zilizochanika majalada, halafu unaona moshi kwenye kona unanihukumu bila kuja hata kuuliza. Nikasema basi, na abaki hivyo hivyo. Nimekunyima mali yako miaka minne kwa sababu ya hasira tu. Anwani ningeitafuta ningeipata.

Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nichane barua zile mbili, matusi yalikuwa kisingizio.

Madaftari mekundu yalikuwa matatu. Moja lilikuwa la mji ulio chini ya maji. Moja la yule mbwa fundi saa. La tatu lilikuwa la Dada Radi. Baba alitaka kuona jekundu, hakusema lipi, na mimi nilipata muda wa kuyachungulia yote matatu nikiwa nimempa mgongo. Mji na mbwa ulivitoa kichwani mwako, sikuwa na haki navyo. Dada Radi ulinichora mimi. Sketi ya shule, miwani yenye uzi, na duka zima nimelinyanyua kwa mkono mmoja, mkono wenyewe kama tangawizi. Nilifikiri hilo ndilo pekee lililo langu kulitoa. Nikalitia motoni.

Kwa hiyo fundi cherehani hajadanganywa sana. Nilichoma. Na kila Jumatano nikilipanga jalada lako rafuni naona kwamba nilimchoma yule, ukabaki na huyu. Imeniuma kuliko kibao, kuliko shindano, kuliko watu kutoka kwenda kusoma mvuani. Nisamehe kwa hilo moja. Mengine yote bado nimekasirika.

Sikuamrishi uchore nini. Mzee ukitaka kumsimamisha mlangoni msimamishe, ukitaka kuendelea kumficha mfiche, ingawa yeye mwenyewe, nikimwangalia, nadhani angependa kuonekana. Ila madaftari sikutumii kwa posta, kifurushi cha mwisho walikileta kimelowa. Njoo uyachukue mwenyewe. Kisanduku namba saba hakina mteja. Tangu ulipoondoka nimekuwa nikiweka humo nakala moja ya kila katuni mpya ambayo nilijua utaipenda, usiniulize kwa nini, nami nikiwa na hasira zangu zile zile. Kimejaa. Sasa nimehamia namba nane, na cha nane nacho kinafumuka.

Barua hii naipitisha kwa mchapishaji wako, ndani ya furushi la nakala zisizouzwa tunazomrudishia. Tatizo ni kwamba zako hazibaki hata moja. Imebidi nijinunulie nakala dukani kwangu mwenyewe, nikapanga foleni nyuma ya dereva wa teksi, ili nipate pa kuificha bahasha. Nimeiweka kwenye ukurasa wa moshi, na juu nimeandika ipewe Mtoro mkononi.

Wasalimie wanaokupikia, kama wapo. Vaa vizuri baridi ikianza. Ukija, njoo Jumatano kabla ya saa mbili, unisaidie kukata kamba, na jiandae kukaa kwenye kaunta unichore mikono mpaka uipatie. Kibao bado kipo ukutani, lakini wewe una ruhusa ya kusoma umesimama.

Ni mimi dada yako,
mshindi wa pili.