Nimeachana na Mume, Mama Yake Ninaye

Ilemela, Mwanza
14 Agosti 1975

Dada yangu mpendwa Suzana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Misungwi, na Baba pia, na mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi mwili hauna neno, ila kichwa kinataka kupasuka kwa ajili ya huyu mama mkwe.

Unajua nilimpeleka Shimba kwake ng'ambo ili aachishwe ziwa, kama sisi wote tulivyopelekwa kwa bibi. Nilipomfuata akasema pale hakuna mtoto wangu, ng'ombe wa mahari aliotoa marehemu mumewe walishamaliza maneno. Kila nikivuka na feri, narudi mikono mitupu. Na mwanawe Nkwabi ndiyo huyo, tangu mtoto hajatembea amehamia kwa mwanamke mwingine pale Kamanga, hata sabuni haleti.

Basi nikaenda baraza la usuluhishi. Wazee wakasema nivumilie, mwanamume hurudi. Dada, nivumilie nini, kitanda kitupu? Waliposhindwa kutupatanisha wakatuandikia twende mahakamani. Huko mama mkwe akasimama akasema mwanawe si mbaya, amepotea njia tu. Hakimu akamuuliza amepoteaje, na nyumba anayolala kila mtu anaijua. Watu wakacheka, mimi nikalia. Akatamka kwamba ndoa imevunjika, na kwa sheria hii mpya mtoto mdogo kama huyu akae na mama yake, bibi aruhusiwe kumwona.

Kumbe nilishangilia mapema. Siku ya kumchukua, Shimba aliniita shangazi! Aling'ang'ania kanga ya bibi yake pale kivukoni Kamanga, akapiga kelele mpaka abiria wakaniuliza kama nimemwiba. Na yule bibi, aliyenitukana barazani kwamba hata kuogesha mtoto sijui, safari hii hakunitukana. Alikuwa anambandua vidole kimoja kimoja, anamwambia aende, huyu ndiye mama. Nikakumbuka kwamba tangu ahamishiwe kijiji cha ujamaa hana hata jirani wa zamani. Nyumba nzima ni yeye na huyo mtoto.

Dada, sasa nikwambie ukweli, na Baba umwambie taratibu. Nilimwambia bibi naye apande feri. Tunaishi naye hapa. Mume nimeachana naye kwa muhuri wa serikali, na mama yake namkanda mgongo! Anasema ugali wangu ni uji, na chumba changu kidogo kama banda la kuku. Naudhika kutwa. Lakini wale ng'ombe wa mahari hawataji tena kwa ubaya. Anasema walimletea mkwe, na mkwe si huyu anakaa naye?

Jana Shimba aliniita mama, halafu akamtazama bibi yake kama amekosea. Bibi akamwambia aseme tena, kwa sauti.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na watoto wako uwabusu kwa niaba yangu. Mama mkwe naye anawasalimu, anaomba michembe ya viazi vilivyokaushwa huko kwenu. Ya hapa mjini anasema ina mchanga.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Odeta