Tangu Kituo cha Watoto Kifungwe

Lisekese, Masasi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kaka Issa anayekusomea, naye shikamoo yake. Goti lako linaendeleaje? Mvua imeshika huko Makote, au bado mnashuka bondeni kuteka maji? Sisi tunapumua, zaidi ya hapo nisikudanganye.

Nianze na baya. Kile kituo cha watoto cha kata kimefungwa. Wakubwa walituita wakasema walezi hawatalipwa tena, siku hizi kila mtu ajitegemee. Mama, kituo kile ndicho kilichokuwa kinatulisha. Nilikuwa natoa kibaba cha unga kwa wiki, Hassani anakunywa uji, analala, nami nabangua korosho za tajiri tangu asubuhi bila kugeuka nyuma. Sabuni ilipatikana, mafuta ya taa yalipatikana, na ada ya Zainabu haikuchelewa. Sasa mwenye duka mmoja amekodi jengo lile lile, amelipaka rangi, na anachotoza kwa mwezi kinameza ujira wangu wote.

Nikawa naenda na Hassani kazini. Siku ya tatu aliokota ganda la korosho akalitia mdomoni, na unajua mafuta yake yanavyobabua. Midomo ilivimba hata uji ukamshinda. Badala ya kunipa pole, msimamizi akasema, "Mama Zainabu, kesho ukija na mtoto, geuzia huko huko njiani."

Baba Zainabu bado yuko Mtwara anatafuta kazi. Salamu zake zinafika, fedha ndizo hazijui njia. Basi nikamtoa Zainabu shule akae na mdogo wake. Darasa la saba, Mama, mwaka wa mtihani! Ndiye anayeandika barua hii. Mimi nataja, yeye anaandika, hata maneno haya. Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nakuomba uje umchukue Hassani, japo mpaka dada yake afanye mtihani. Najua huna wa kukusaidia shambani, nami nakuongezea mzigo uzeeni. Naona haya kuomba. Lakini mwalimu alisema Zainabu akirudi mwezi huu atapokelewa, na sare yake nimeshaifua.

Nisalimie mama mdogo aliyenikanda nilipomzaa Zainabu, mke wa kaka, na yule jirani anayekutekea maji. Mungu amlipe.

Ni mimi binti yako,
Somoe

Mjomba Issa, shikamoo. Mama ametoka kidogo, haya naandika mwenyewe, usimsomee Bibi. Juzi nilipita shuleni na Hassani mgongoni. Mwalimu alinifungulia rejista nikaona mwenyewe, jina langu limeshafutwa. Mama sijamwambia. Bibi aje tu, Mjomba, maana Mama amechoka.

Zainabu