Moyo wa Ng'ombe Darasani

Jumanne, Akheri

Mkuu wa shule kasema tena kwamba wazazi hawalipi ada ili watoto washike nyama. Shule hizi za binafsi zimefunguliwa juzi tu, na tayari tunawaogopa wazazi kuliko wakaguzi. Mkataba wangu unaisha muhula huu. Naogopa, sifichi.

Ndeshi wa kidato cha tatu hukariri notisi zangu za baiolojia mpaka nukta. Leo nilimuuliza kwa nini moyo ni mnene upande mmoja. Akaanza kukariri notisi. Nikampa moyo wa ng'ombe nilioununua buchani Tengeru. Akaingiza vidole huku na huku, akafikiri.

"Mwalimu, huku ni kunene kwa sababu damu inasukumwa mwili mzima. Huku inaishia kwenye mapafu tu."

Sijawahi kumwandikisha hilo. Lilitoka kichwani mwake.

Hapo ndipo mkuu alipoingia. "Mwalimu, hili ni darasa au bucha? Kesho rudi kwenye notisi."

Wanafunzi walipotoka, mkuu alibaki. Alikunja mkono wa shati, akaingiza kidole ndani ya moyo.

"Na hiki kijilango, kinafungukia upande gani?"

Nikamwambia kesho nitampa notisi.