Kitambaa cha Olga na Meno ya Koko

Kwa wakaaji wote wa nyumba hii: kuanzia leo mimi, Junior, ndiye Waziri wa Meno ya Koko, bibi yetu. Maharage yako motoni, atakayerudi kwanza aongeze maji.

Nimempeleka Mbarara. ~~Olga asitufuate.~~

Daktari wa meno alisema Koko aje na mtu anayemwamini, maana anasahau mambo na kile kiti kinamtisha. Mama ukasema, "Basi Olga." Kila siku Olga. Dada akimsugua, Koko anafungua kinywa. Mimi niliyerudi likizo ananiita "mgeni" na kuung'ata mswaki.

Kwa hiyo asubuhi nilijifunga kitambaa cha Olga kichwani, nikaanza kusugua meno yangu mbele yake kama Olga anavyofanya, nikasema kwa sauti nyembamba, "Koko, tusugue pamoja." Akafungua. Nikasugua hadi magego, huku nikijisifu moyoni.

Kisha akacheka, povu likamtoka. "Junior, toka mu kitambala ya dada yako."

Jina langu, Mama. Tangu shule zifungwe hakuwahi kulitaja.

Nakiri, ulikuwa wivu. Olga, ile mistari ya kufuta juu ya jina lako nimeichora sasa hivi. Tufuate, kwenye kiti kile atakutafuta wewe.

Mjukuu, zamani mgeni